Mama Ulimi na Sherehe Iliyongoja Bia

Mwonjaji mkuu wa baa yetu, tunayemwita Mama Ulimi naye akaitika, alistaafu rasmi tarehe 30 mwezi uliopita baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Wenye macho makali mtaona kwamba leo ni tarehe 24. Mpiga chapa hakukosea. Sherehe imechelewa kwa sababu ya mstaafu mwenyewe, na tutafika huko.

Alianza kama mteja. Alikuja na mumewe, akaagiza India pale ale tunayoipika wenyewe chumba cha nyuma, ile bia yenye harufu ya maganda ya machungwa ambayo wengi wenu mnaiita Chungu tu. Akaonja, akairudisha kaunta. Akaletewa nyingine, akairudisha pia, kwa heshima zote, akieleza kwamba mabomba yanahitaji kusafishwa. Mabomba yakafunguliwa. Yaliyoonekana humo hayafai kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe. Mwenye baa akaona heri amwajiri, awe anarudisha bia kabla haijafika mbele za watu.

Tangu hapo hakuna pipa lililotoka bila yeye kulipitisha, na sisi wapika bia tulinung'unika kila wiki. Manukato yalikuwa marufuku. Mwandishi wa wasifu huu aliwahi kuingia amejipaka mafuta mapya ya ndevu, akatolewa nje kukaa na makreti mpaka shughuli ikaisha. Halafu kulikuwa na kungoja. Glasi iliwekwa dirishani mpaka ubaridi ukatike, sisi tukimeza mate, kwa kuwa baridi kali, alisema, huficha makosa, na bia ya barafuni ni sawa na mchumba siku ya kwanza: huwezi kumjua. Kisha alinusa, akanywa mafunda matatu, akahukumu. Ipite, au Bado. Hakuwahi kuiita bia mbaya. Wala hakuwahi kumaliza glasi. Iliyobaki ilimwagwa hata ikiwa tamu vipi, maana hakimu hawezi kusikiliza kesi huku anayumba.

Kwa ulimi huo Chungu ilishinda mara mbili mashindano ya bia za viwanda vidogo. Sifa tulipewa sisi wapishi, na tulizipokea bila haya.

Basi, alipokaribia kustaafu tukampikia bia ya kumuaga. Tulitaka iwe Chungu kuliko Chungu zote. Kila mmoja wetu, kwa mapenzi yake na bila kumwambia mwenzake, akapita karibu na tangi na kuongeza konzi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu.

Siku yake ya mwisho kazini tukamwekea glasi, hatukusema ni ya nini. Akaingoja. Akanusa, akanywa. Bado, akasema, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyefyeka uwanja wa mpira na kumwaga nyasi humo. Ikabidi tukiri: Mama, hii ndiyo bia ya sherehe yako, wageni wanakuja Jumamosi, tafadhali, mara hii tu. Machozi yalimlengalenga, akatushukuru mmoja mmoja. Halafu akasema asingependa kuagwa kwa bia ambayo yeye mwenyewe asingeruhusu iuzwe. Pipa likamwagwa, sherehe ikaahirishwa, na kesho yake hakuwa tena mfanyakazi wetu.

Tukapika upya, safari hii hopsi zikiwa chini ya ulinzi. Bia ilipoiva tukamwita. Akaja, akaketi kwenye stuli yake, akakataa kuonja. Yeye ni mstaafu, alisema, na hakimu yupo: Dada wa kaunta, ambaye Mama amemfundisha kwa miaka lakini hajawahi kumwachia hukumu. Maskini Dada! Alimtazama Mama, Mama akatazama dirisha. Wote tulijua kinachopimwa si bia peke yake. Ama baa hii ilikuwa na ulimi mwingine, ama ilibaki na vikombe vya ushindi vya rafuni tu.

Glasi ikangojwa. Mafunda matatu. Dada akafumba macho, akafumbua. Ipite.

Ndipo Mama Ulimi akaivuta glasi ile na kuinywa taratibu mpaka povu la mwisho. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuona kitako cha glasi yake. Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba ana makreti ya kupanga.

Mumewe anatuarifu kwamba chai yake ya asubuhi imeanza kupata Bado. Pole, shemeji, utazoea, sisi tulizoea.

Mama Ulimi, asante kwa kutufanya tuone fahari juu ya kila glasi iliyovuka kaunta hii. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi na glasi nyingi za kumaliza. Nanyi wageni wetu, bia iliyo mbele yenu ndiyo hiyo. Tafadhali msiiguse kwanza. Acheni ubaridi ukatike, mwenyewe anawaangalia.