Shirika Lililoninyima Jibu

Mheshimiwa Mganga Mkuu, uliyekubali kuwaacha wagonjwa wako uje ukae na sisi watu wa mvuke na sabuni. Bwana Katibu wa Hospitali, mwenye funguo za stoo zote isipokuwa ile tunayoitaka. Matroni wetu, ambaye hata shuka likimwona hujinyoosha lenyewe. Shemeji yangu, Mkuu wetu wa Kufulia, tunayemuaga leo. Dada yangu, mke wake, tuliyenyonya naye ziwa moja. Ndugu zangu wa kufua, wa kukausha, wa pasi na wa kukunja. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na wale ambao hawakualikwa ila wamesikia kuna soda: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa kimoja cha kwangu, maana ninavyo vingi.

Bwana Katibu amenipa dakika kumi. Wanaonijua wanajua kwamba dakika kumi kwangu ni za kusafisha koo tu. Mimi ndiye Mjomba wa sehemu ya pasi, niliyempigia pasi waziri mmoja shati likiwa mwilini mwake, naye anahutubia, na hakukatiza hata sentensi. Nilisoma hadi darasa la saba, na hilo la saba nililirudia kwa hiari yangu, kwa kuwa walimu walikuwa bado wananihitaji. Lakini leo, ndugu zangu, nasimama mbele yenu kichwa changu kikiwa kama foronya zilizotoka kwenye mashine: zote zimo, ila hujui uanze kuvuta ipi.

Nianze na mwenye siku yake. Mnadhani mnamjua shemeji yangu? Miaka thelathini na moja amefua mashuka ya hospitali hii, na nani kati yetu hajalalia jasho lake? Siku moja mashine ya pili inazunguka, sisi tunapiga soga, yeye akainua kidole. "Zima." Tukamwambia, Mkuu, mashine ni nzima. "Zima, nimesikia kuna mtu humo." Kuna mtu! Tukazima mbiombio, roho juu. Akaingiza mkono mpaka begani, akatoa foronya, na ndani ya foronya meno ya bandia, safu ya juu. Mwingine angeyatupa. Yeye aliyaosha, akayaweka kwenye bakuli, akazunguka wodi nne, kitanda kwa kitanda: "Samahani mzee, haya ni yako?" Na msiseme natia chumvi, bakuli nililishika mimi. Mgonjwa wa kumi na moja aliyavaa, yakamkaa sawasawa, akala mkate mkavu mbele yetu, akatushukuru, na kumbe hayakuwa yake! Shemeji alipogundua alirudi kuyadai, akaendelea kuzunguka mpaka akampata mwenyewe. Huyo ndiye mtu tunayemuaga: kwake kitu cha mtu hakijafika mpaka kifike kwa mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonivuruga. Mwezi uliopita tulimaliza kumchangia zawadi ya kustaafu. Tulishakubaliana ni sofa, hata rangi tulishagombania. Alipoambiwa, alisema, "Sofa mnaniletea nikalie, na mwanangu sijui amekalia nini."

Wageni ambao hamjui, niwaeleze. Dada yangu na shemeji yangu wana binti mmoja, mpwa wangu, mkunga. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, akafanya kazi yake huko, na vita vikamkuta huko. Huu ni mwezi wa nane simu yake haiiti. Kwa hiyo shemeji akaomba: mchango wa sofa upelekwe kwa shirika moja linalowasaidia raia waliokimbia vita. Moja tu, lakini liwe la kweli.

Nani atalichagua? Hapo, ndugu wageni, mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake. "Niachieni mimi," nikasema. "Mashirika yote nayajua kama kiganja changu." Nilikuwa sijui hata moja.

Nikayatafuta, nikapata matatu. Sitayataja majina, si adabu. Nitayaita kwa nilichokiona. La kwanza ni Shirika la Kapeti, maana ukiingia viatu vinazama, na kijana wa tai anakuletea maji ya chupa kabla hujasema una kiu. La pili ni Shirika la Malori: uwanja, grisi, na msimamizi anayeongea na wewe huku kichwa kiko chini ya boneti. La tatu ni Shirika la Dirisha. Hilo ni chumba kimoja nyuma ya duka la kutoa fotokopi, na unaongea na mama mmoja kupitia kidirisha, mwenye miwani aliyoifunga kamba. Kila mahali nilijitambulisha kwa ukamilifu, na kila mahali nikaomba blanketi moja la mfano, kati ya yale wanayowapa watu wanaokimbia.

Kwa nini blanketi? Kwa sababu sisi watu wa kufulia hatudanganywi na maneno, tunasubiri maji ya moto. Tukayatia yote matatu kwenye mashine, mimi na fundi wetu wa boila, huyu mnayemwita Mvuke. Mvuke akaniambia, "Mjomba, tuyatie alama kwanza kwa wino wetu, kama mashuka ya wodi." Nikamwambia, "Alama ya nini, na kila moja lina nembo kubwa kama sinia? Hata kipofu atazitambua!" Akasema haya, wewe ndiye mtaalamu.

Tukawasha, nyuzi tisini. Tulipofungua, ndugu zangu, maji yalikuwa ya buluu na mablanketi hayana nembo. Hakuna hata moja! Mablanketi matatu ya kijivu, upana mmoja, mshono mmoja, yametoka kiwanda kimoja kama watoto pacha, na sisi wawili tumesimama midomo wazi. Niliyanusa. Niliyapima kwa shubiri. Nikamwambia Mvuke hili zito zito ni la Kapeti, akasema hilo ndilo hujalikamua.

Shemeji akaingia. Akauliza lipi la nani. Tukatazamana. Akashika moja, akalikunja vizuri pembe kwa pembe kama anavyokunja siku zote, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwanangu angekuwa amejifunika lipi?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaanza kukunja la pili. Ndipo nikaamua: kama siwezi kuchagua kwa blanketi, nitachagua kwa mtoto. Shirika lililo karibu naye ndilo letu. Nani angenilaumu? Nikachukua picha yake, ile aliyopigwa akiwa na sare nyeupe siku ya kuhitimu ukunga, nikatoa nakala tatu, nikaandika nyuma jina lake kamili, kazi yake na mji aliokuwa akiishi, nikaanza raundi ya pili.

Kapeti walinipokea kama mkwe. Kijana wa tai akanionyesha ramani, yote imepakwa rangi. "Mzee, sisi tunafika kote. Tuachie picha, mkishachangia tutamtafuta, na tukimpata tutampiga picha ameshika jina la hospitali yenu." Nilitaka kumbusu; nikamwachia picha. Kesho yake kwa Malori, msimamizi alitoa kichwa chini ya boneti, akasema, "Kote? Nani amekwambia kote? Malori yangu yako kwenye daraja moja siku ya kumi na tisa leo, hayaruhusiwi kuvuka. Wa upande huu tunawafikia, wa ng'ambo ya daraja nisikudanganye." Nikaona huyu hana lugha ya biashara. Nikaondoka na picha yangu.

Siku iliyofuata, kwa Dirisha, nilisukuma picha chini ya kioo. Yule mama aliitazama mara moja, akaigeuza, akaona jina, akairudisha kwangu haraka kama imemuunguza.

"Baba, picha hii usimpe mtu."

"Mama, mimi ni mjomba wake."

"Huenda."

"Huenda? Mimi huyu? Unajua unaongea na nani?"

"Sijui," akasema, "na hapo ndipo penye shida. Juzi alisimama hapo hapo mtu akasema ni mume wa mtu. Sisi hatuwataji waliokimbia. Kama yupo kwetu sikwambii, na kama hayupo pia sikwambii. Ipo fomu, unamwandikia ujumbe. Akipatikana atasomewa, na kujibu au kutojibu ni juu yake."

Ndugu wageni, nilipiga kelele mpaka mashine za fotokopi zikasimama. Nikamwambia nimewahi kumshusha jenerali kwenye farasi kwa maneno matupu. Akaniuliza kama nataka fomu au sitaki. Nikaondoka bila fomu, nikaenda moja kwa moja kwa dada yangu kumpa habari njema: shirika letu ni Kapeti, wanafika kote, na picha wanayo tayari.

Dada alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Picha ya nani?"

"Ya mpwa wangu."

"Yenye jina?"

"Jina, kazi, kila kitu. Mimi sifanyi nusu nusu."

"Kaka," akasema, "mwanangu anazalisha kila mwanamke anayeletwa, haulizi mumewe anapigana upande gani. Wewe unafikiri huko kote hakuna aliyemchukia kwa hilo? Unafikiri hapigi simu kwa sababu hana simu tu? Na kama amejificha?"

Nilirudi Kapeti mbio, mimi na uzito wangu huu, sikusimama hata kwenye taa za barabarani. Na je, niliikuta wapi picha? Ukutani. Pale mapokezi, kwenye ubao wa kitambaa chekundu, katikati ya nyuso nyingine ishirini, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa jina lake, kazi yake, na mji aliokuwa akiishi. Mtu wa bima amesimama hapo anasoma. Aliyeleta maji anasoma. Nikaing'oa. Kijana wa tai akaja, "Mzee, hiyo ni kwa ajili ya wafadhili, inawagusa sana mioyo." Nikamwambia hata mimi imenigusa.

Je, ni nani mwingine aliyeisoma kwa siku mbili ilizokaa pale? Sijui. Nawaambia hili hadharani kwa sababu dada yangu na shemeji yangu wameshanisamehe, lakini mimi mwenyewe bado sijafika hapo, na sikutaka mnisifu leo kwa kazi ya kuchagua mkidhani niliifanya kwa akili.

Nikarudi Dirishani, nimevua kofia. Yule mama hakunicheka. Nikamuuliza yale ambayo ningeuliza mwanzo: mnampa nani, mnampaje, na wapi mmeshindwa. Akanipitishia kitabu cha taarifa yao ya mwaka jana. Wanachimba maji, wanawahudumia wajawazito na wenye majeraha, na kabla ya kugawa kitu wanauliza watu wenyewe wanakosa nini. Upande wa mtu hawauulizi. Na humo mna ukurasa mzima wa yaliyowashinda: visima viwili vilivyotoka chumvi, kambi moja waliyochelewa kuifikia. Niliusoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeandikwa na maadui zao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wageni waalikwa, shirika nililolichagua ni hilo la Dirisha. Mvuke, najua umenuna. Unasema Malori nao walisema kweli, na ni kweli walisema kweli, na mchango wako wa mwezi ujao uwapelekee, hakuna anayekushika mkono. Unaniuliza nitajuaje kama sikuchagua kwa woga tu. Sijui! Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimelipiga pasi mbele na nyuma, bado lina mikunjo. Ninaelewaje kwamba aliyenipa kila jibu ndiye aliyemweka mtoto wetu ukutani, na aliyeninyima jibu ndiye ninayemwamini? Mwenye elimu kuliko mimi, baada ya soda, anieleze polepole.

Shemeji, bahasha ya mchango hii hapa. Jumatatu, siku yako ya kwanza bila kengele ya kazi, ipeleke mwenyewe na dada, mwingie nyuma ya duka la fotokopi. Mtapewa risiti, na habari ya mtoto hamtapewa. Huenda ukampa mkono wa shukrani mtu anayejua mwanao alipo, na uso wake usikuonyeshe lolote. Huenda hajui. Utatoka pale hujui zaidi ya unavyojua leo, na mimi, mwenye kujua yote, sitakuwa na la kukuongezea.

Ndani ya bahasha nimeweka na ile fomu niliyoikataa, ambayo safari ya pili niliiomba mwenyewe. Mistari mitano tu, mambo ya familia, bila kutaja mahali wala mambo ya vita. Dada alinipa heshima ya kuijaza, akisema mtoto akisikia maneno ya mjomba wake atajua kweli ni sisi. Siku tatu nimekaa na mistari mitano. Nimeandika, nimefuta, hatimaye nimepata minne. Leo asubuhi watu wa kukunja wamenizunguka: "Mjomba, umeandika nini? Tusomee basi, hata kidogo!" Na mnanijua mimi, neno nikiwa nalo halilali ndani.

Sikuwasomea. Nanyi sitawasomea. Ujumbe ni wake.

Shemeji, umefua vya kutosha, sasa pumzika. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka hapa, Bwana Katibu na saa yako ukiwemo, nawashukuru kwa masikio yenu. Asanteni sana.