Fundi Sikiliza: Alizibua Injini za Watu, Akazibiwa Dirisha

Marehemu baba yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu wa mshonaji na mlinzi wa ghala. Jina la Fundi Sikiliza alilipata gereji. Mteja akianza kueleza ubovu wa gari, baba humkata kauli: "Sikiliza kwanza," kisha huinamisha sikio kwenye injini.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Akiwa na miaka kumi na mmoja aliifungua cherehani ya mama yake vipande vipande. Alipoirudisha, skrubu moja ilibaki mkononi. Mama yake alishika fimbo, akakanyaga pedali kwanza apime hasara, kisha akaiweka fimbo chini. Cherehani ilikuwa laini kuliko ilipokuwa mpya.

Alianza ufundi Machi 1975. Tangu 1988 alikuwa fundi mkuu wa injini katika gereji moja tu. Chumba cha nyuma, alikooshea vipuri kwa petroli ndani ya beseni, kilikuwa na dirisha moja. Mwaka 2004 mwenye gereji alilipigilia mbao apate ukuta wa rafu. Baba aliomba lifunguliwe. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa barua mara tatu, kwa mwandiko wa bintiye mkubwa anayesoma wasifu huu. Jibu alipewa mbele ya wenzake: "Fundi, miaka yote hiyo unavuta petroli, mbona hujafa?"

Wapo wazee walioshauri hayo yasiandikwe. Yameandikwa.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa mama yetu, mpishi wa shule, ambaye siku ya kwanza alimnusa akamuuliza, "Umekuja kuposa au kuuza mafuta?" Walijaliwa watoto wanne. Kwa miaka thelathini na minane mama alifua ovaroli zake kando na nguo za watoto.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Januari 2024: gari la mwaka 1959 la mkunga mstaafu, lililokuwa likitoa moshi wa buluu. Mwenye gereji aliamua bila kuligusa: "Ringi za pistoni zimekwisha. Pasua injini yote." Baba alifungua kifuniko cha valvu akakuta oili imetuama juu kama maji ya dimbwi. Vitundu vya kuirudisha chini vilizibwa na tope zito kama lami. "Ringi hazina kosa," alisema. "Oili imekosa njia ya kushuka." Alitoa kwanza sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, uchafu usije ukabaki humo, akapitisha waya wa breki ya baiskeli kitundu kwa kitundu, akikwangua na kuosha kwa petroli. Siku tatu ndani ya chumba kile. Mwisho alimimina mafuta ya taa juu, akainama kutazama chini: matone, kisha mchirizi. Mkunga aliondoka na gari lisilo na moshi. Baba alirudi nyumbani akitokwa damu puani.

Mwezi wa pili vipimo vilionyesha saratani ya damu. Daktari alimuuliza, "Mzee, kazi yako ina petroli?"

"Kila siku."

"Na chumba kina hewa?"

Mama ndiye aliyejibu: "Kilikuwa nayo."

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Jumatatu mwenye gereji alituma watu wakang'oa zile mbao. Iliwachukua dakika ishirini. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio lililogoma kusikia lilikuwa la mwingine. Aliyekufa ni baba.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, dada mmoja, na mafundi watano ambao kesho asubuhi wataingia katika chumba kilekile.

Baba, pumzika kwa amani. Sisi bado hatujapumzika.