Nestor kwa Mbonigaba

Pale njia ya Masisi inapoingia kambini kwa wachimba mawe wa Walikale, pana gogo kubwa ambalo lori lilishindwa kulibeba mwaka wa hamsini na mbili. Gogo likabaki, na waliolikalia siku ile wakabaki nalo. Mama Pétronille akaweka jiko lake mbele yao, na tangu hapo hakuna jambo la dunia hii ambalo halijaamuliwa hapo kwa kikombe cha kahawa. Lakini Jumatatu hii kahawa ilipoa vikombeni bila kuguswa. Jana yake Chui, timu ya mpira wa kikapu ya kambi, ilipigwa na wajenga barabara wa Hombo arobaini na moja kwa tisa. Mechi ya sita ya msimu, na kipigo cha sita. Wala hao Chui si watu wa kucheza kwa kujifurahisha. Wanatoka shimoni saa nne asubuhi wenzao wakiendelea kuchimba, wanakula mchele mara mbili na samaki juu yake, kazi yao ni mpira basi. Arobaini na moja! Papa Straton hakulala.

Straton ndiye aliyefuma nyavu za vile vikapu viwili vya uwanjani, kwa kamba ileile anayofumia nyavu za kuwindia. Mara ya kwanza alizifunga chini, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuona wavu wa kupitisha mnyama. Mpira ukaingia, ukakaa humo, Padri, mwamuzi wa mechi, akautoa kwa mwanzi. Watu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo Straton aliipenda timu ile kama aliyeizaa, na kila ikifungwa alijiona amefungwa yeye.

— Tisa! akasema. Hata kuku anatotoa kupita ile!

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Papa Polycarpe, aliyekuwa mwalimu wa dini zamani, na aliyebaki na methali nyingi kuliko mahali pa kuziweka.

— Kibaba ya nani, Papa? akauliza Straton. Ile ya Hombo ndiyo ilijaa!

Hilaire, karani wa biro, yaani ofisi ya kambi, ambaye kijiweni walimwita Karatasi, akavua miwani.

— Sikieni. Shida yetu ni urefu tu. Bazungu ba mashamba na ba migodi banabadilishanaka bachezaji, iko ruhusa. Siye tupane bafupi batatu, batupe mulefu mumoja. Ukibapandanisha hawa batatu, kipimo ni kimoja.

— Aliye juu mngojee chini, akasema Polycarpe.

— Tulimungojea chini mechi sita, Papa! akasema Hilaire. Hashuki!

— Miye ningebadilisha Padri, akasema Mama Pétronille huku akichochea moto. Yeye njo anapigaka filimbi. Akipiga, ba Hombo banakimbia na mupira, bana betu banasimama sawa ku misa. Yule muchezaji yetu Michel jana alipiga na alama ya musalaba. Niliona na macho!

— Padri habadilishwi, mama, akasema Hilaire. Hiyo iko dhambi.

— Basi tubadilishe kiwanja, akasema Polycarpe. Chetu kinainama. Tubapelekee Masisi hiki, siye tuchukue chao.

— Kiwanja kitapanda lori, Papa?

— Penye nia pana njia.

— Penye nia pana njia, lakini hapana lori! Sikieni miye, akasema Hilaire. Tutafute bawindaji batano kule Pinga. Muntu anakimbizaka swala mu pori tangu asubuhi, atashindwa kukimbiza mupira? Na kila mumoja tumufunge kengele ya mbwa ku kiuno, bajuane bila kutazama nyuma.

Hata Polycarpe hakuwa na methali ya kengele. Straton alikuwa akiwasikiliza huku goti likimcheza. Siri ilimjaa mdomoni wiki mbili nzima, na mtu wa kuficha siri hakuwa yeye.

— Muache kelele, akasema. Mambo imekwisha. Mbonigaba anakuya.

Kijiko cha Mama Pétronille kikaanguka motoni.

— Mbonigaba yupi?

— Kuko Mbonigaba ngapi? Yule wa pareto, wa Masisi! Yule alitutia pointi makumi mbili na mukono moja, ingine iko nashika kaptula!

— Yesu wangu, akasema Polycarpe. Na siye tulipana nani?

Straton akanywa kahawa kwanza. Alitaka wangoje kidogo.

— Nestor.

Nestor ndiye pekee katika Chui aliyejua kikapu kiko wapi. Tena Nestor alikuwa mume wa Agathe, na Agathe alikuwa binti wa Straton.

— Mukwe wako? akauliza Mama Pétronille. Ulipana bwana ya mutoto wako?

— Ba Masisi njo balimutaka, hawakutaka mwingine. Nilienda ku biro, nikasema, muzungu mukubwa ya kambi akacheka, akasema wazo iko mzuri. Karatasi akaandika barua.

Hilaire akatazama upande wa pori. Barua aliiandika kweli.

— Mbona munanitazama hivyo? Straton akaendelea. Weye unakosa mbwa ya kuwinda, unaazima ya jirani, na kengele yake. Anawinda ile siku, mangaribi anarudi kwa mwenyewe na muguu ya nyama. Nani alikufa? Nestor atacheza kule Siku ya Mungu, atarudi. Mbonigaba atacheza hapa, atarudi. Kila muntu na muguu yake ya nyama!

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Polycarpe, na mara hii wakaona amepatia. Straton akajisikia mkubwa. Aliwaza ule wavu wake ukitikisika mara ishirini kwa mechi moja, akacheka peke yake.

Hawajamaliza, lori likasikika kwenye kona. Lilikuwa la Kabera, dereva wa shamba la pareto, limejaa tope hadi madirishani, siku mbili njiani kutoka Masisi. Likasimama mbele ya gogo. Nyuma yake akashuka mtu mrefu, mrefu, na kijiwe kizima kikasimama. Kisha yule mrefu akageuka, akanyoosha mikono, akamshusha mwanamke mwenye mimba. Akashusha mkeka. Akashusha chungu, jembe, mfuko wa mbegu za maharagwe, na kuku watatu waliofungwa miguu.

— Karibu, kaka, akasema Straton. Lakini hii kuku yote ni ya nini? Mechi ni ya siku moja.

Mbonigaba akamtazama bila kuelewa.

— Mechi gani, Papa? Miye balinihamisha.

— Kabera! akaita Straton. Uyu anasema nini?

Kabera akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya kiti chake. Straton hakujua kusoma, akampa Hilaire. Hilaire akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akasoma tena.

— Soma kwa sauti, weye!

— Inasema... Nestor anapita ku kitabu cha bafanyakazi ba pareto. Kontra ya miaka mitatu. Pamoja na bibi yake Agathe. Pamoja na mutoto wake Élisabeth, mwaka moja na nusu. Banaenda na lori ileile.

— Ileile gani?

— Hii, akasema Kabera. Naenda kutia mafuta, tunaondoka. Niko na mvua nyuma yangu.

Straton alikaa, akasimama, akakaa tena. Miaka mitatu! Kitoto kile kilikuwa kinaanza kumwita babu, tena kwa kukosea, na yeye alikuwa akikiacha kikosee kwa sababu alipenda. Mama yake Agathe alikufa akimzaa, na binti huyo Straton alimlea kwa mikono hii miwili. Akamgeukia Hilaire.

— Weye uliandika nini mu ile barua?

— Niliandika ulivyosema! Kubadilisha!

— Nilisema kuazima!

— Ulisema kubadilisha, Papa. Mara tatu.

— Maji yakimwagika... akaanza Polycarpe.

— Nyamaza, Papa Polycarpe! akasema Mama Pétronille, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo.

— Nitaenda ku biro, akasema Straton. Nitaambia muzungu nilikosea. Hilaire, twende.

— Muzungu alienda Bukavu asubuhi. Atarudi juma ijayo.

Kabla Straton hajavuta pumzi, Agathe akatokea upande wa nyumba za wafanyakazi. Alikuwa anakimbia nusu, anatembea nusu, Élisabeth mgongoni, na kitenge kimefunga vyombo vilivyokuwa vikigongana. Macho yalikuwa yamevimba. Nyuma yake kwa mbali Nestor alikuja na kitanda kichwani.

— Papa! Kapita, musimamizi ya kazi, alikuya mu nyumba, akasema tufunge vitu, tunahamishwa Masisi. Sasa hivi! Manioki yangu mu shamba haiyatoka bado, Nestor hakuomba, miye sikuomba. Kule sina hata muntu mumoja!

Straton akanyoosha mkono, akagusa mguu wa mtoto pale mgongoni. Ulikuwa wa joto.

— Weye njo unajuaka mambo yote ya ile timu, Papa, akasema Agathe. Niambie. Nani alipeleka jina yetu ku biro?

Hilaire akaanza kuikunja ile karatasi, ingawa ilikuwa imekwisha kukunjwa. Kabera akaenda kupiga teke gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama Pétronille peke yake alimtazama Straton usoni, wala hakuondoa macho.

Straton aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Agathe akampandisha mtoto mgongoni vizuri, akangoja, akiamini kwamba baba yake atamjibu. Na Mbonigaba, pale kando ya kuku wake, akakiweka chungu chini akasogea karibu, maana hata yeye alitaka kumjua mtu huyo.