Mdomo Nao Una Ngozi

Mwaka 1954, katika basi la kutoka Geita kwenda Shinyanga, Klara aliketi katikati ya watu wawili wasiojuana, nao wakabishana juu ya kichwa chake.

Bi Mwanne alikuwa anakwenda hospitali kuangaliwa mdomo. "Mabaka haya ya mikononi ninayo mwaka wa tisa," alisema kwa uchangamfu. "Sasa yameingia shavuni. Daktari anasema yakiachwa yanaweza kugeuka saratani, basi kila baada ya miezi sita naenda kumwachamia kama kinda la ndege."

Fikirini, mchimba dhahabu, alicheka huku akijikuna kiwiko chenye mabaka kama yale. "Samahani mama, ngozi na mdomo wapi na wapi?"

"Mdomo nao una ngozi, mwanangu. Hata tumbaku nimeiacha."

"Tumbaku tena? Huyo daktari ana wivu."

"Ana macho. Dada yangu alichelewa kumwona, tukamzika."

Fikirini aliendelea kubisha mpaka basi likasimama Shinyanga, karibu na hospitali. Bi Mwanne akaaga, akashuka.

"Ngozi ni ngozi, mdomo ni mdomo," Fikirini alimwambia Klara. Kisha akatema tumbaku dirishani, akasogea karibu. "Dada, hebu nichungulie shavuni."