Verna Zwicker na Chupa Namba 61

Verna Knickle alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Blue Rocks, Nova Scotia, kitinda mimba wa fundi mapipa. Alisoma Lunenburg, kisha Halifax, alikohitimu elimu ya viumbe mwaka 1966.

Mwaka huohuo aliajiriwa na maabara ya bahari kutunza mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ule unaoogelea kwa vijimkia. Kila baada ya wiki tatu ilibidi uhamishiwe chupa yenye maji mapya, ukichelewa, umekufa.

Tarehe 12 Juni 1971 aliolewa na seremala Carman Zwicker. "Nimeoa mke mwenye wageni mia," Carman aliwatania majirani, "na hakuna hata mmoja anayeaga!"

Mwaka 1979 Verna alichota ndoo ya maji gatini Lunenburg, akakuta kiumbe kisichojulikana. Alihesabu mikia miwili, akakiweka katika ukoo fulani, akakipa jina, akachapisha. Baada ya mwaka mmoja darubini yenye nguvu zaidi ilionyesha uzi wa tatu, umejikunja katikati ya ile mikia. Ukoo haukuwa huo, na jina likafutwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka: Verna hakuthubutu kukipa jina tena. Na baharini hakikuonekana tena; kilibaki katika chupa namba 61 tu.

Binti yao wa pekee, Muriel, alifunga ndoa Vancouver mwaka 1998. Msaidizi wa maabara aliugua juma hilo, mwani ukakosa wa kuuhamisha, na Verna hakwenda. Muriel mwenyewe ameomba hili lisomwe hapa mazishini.

Verna alipostaafu mwaka 2009 aliileta chupa hiyo nyumbani, kwenye dirisha la jikoni. Septemba 2022 akaugua saratani ya kongosho. Muriel alikuja kumuuguza.

"Mama, si uimwage tu baharini upumzike?"

"Kitu hakina hata jina, mwanangu, nikitupe?"

"Basi kipe jina!"

"Na nikikosea tena?"

Verna alifariki Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2022, saa nne asubuhi. Carman alikuwa amemshika mkono. Muriel alikuwa jikoni akihamisha namba 61, maana siku yake ilikuwa imefika. Aliporudi chumbani, mama yake alikuwa amekwenda. Alilia sana, na bado analia.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili na chupa moja. Muriel alikuwa na tiketi ya kurudi Vancouver kesho, ameirudisha. Zamu ijayo ya chupa ni Alhamisi, tarehe 1 Desemba.

Verna, pumzika wewe.