Mzee Kikao, Karani Aliyeandika Kosa Lisilo Lake

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi waheshimiwa mliopewa viti vya mbele: aliyelala hapa ni baba yetu, ambaye nusu ya mji ilimwita Mzee Kikao. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na binti yake wa kwanza, fundi cherehani wa nyuma ya posta. Kamati ya mazishi iliniomba niufupishe. Nimefupisha sifa. Mengine nimeyaacha kama yalivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha kupanga nyuma ya ghala la nafaka. Bibi alikuwa akisema kwamba alizaliwa kimya mpaka mkunga akampiga kofi mara mbili, na hata hapo alilia kidogo tu, kama anayeomba radhi kwa usumbufu. Sisi wanawe tunaamini. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku mdogo wangu alipomwaga wino juu ya kumbukumbu za kikao zilizokuwa tayari kupelekwa kupigwa chapa. Baba alikaa chini akaandika upya kurasa kumi na nne, na mkosaji akapewa kazi ya kumpulizia wino ukauke.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya kutwa hadi 1971. Hakuendelea zaidi, kwa sababu macho ya babu yaliharibika, na viatu havishonwi kwa kupapasa. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ukarani, akahitimu mwaka uliofuata akiwa na uwezo wa kuandika hati mkato maneno mia moja na ishirini kwa dakika. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti: "Anasikiliza kuliko anavyosema." Cheti hicho kilitundikwa sebuleni kwetu miaka yote. Baba alidhani amesifiwa.

Tarehe 1 Julai 1974 aliajiriwa na manispaa yetu kama karani wa masijala, na mwaka 1983 akapandishwa kuwa karani wa vikao vya baraza. Baraza lilikutana mara nne kwa mwaka, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika ule ukumbi wa ghorofani wenye feni tatu, moja ikizunguka. Baba alikaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Meya, mguu mmoja wa meza umewekewa kipande cha boksi isiyumbe. Humo ndimo alimoandika habari za taa za barabarani, mbwa wasio na wenyewe, choo cha stendi, na nani apewe kibanda kipi sokoni. Kuna kikao madiwani wawili waligombana kwa muda wa saa mbili na nusu kuhusu rangi ya mapipa ya taka, mmoja akavua koti. Fungua kumbukumbu za siku ile, utakuta baba ameandika: "Majadiliano yalifanyika." Basi, imeisha hiyo.

Nyumbani nako kulikuwa baraza. Ukimwomba viatu vipya, alikutazama juu ya miwani na kusema, "Hoja imepokelewa. Italetwa kikao kijacho." Ndipo lilipotoka jina la Mzee Kikao, watoto wa jirani walilisikia dirishani. Lakini viatu vilikuja. Tofauti na kwingine, kwa baba kikao kijacho kilikuwa kinafika.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na mama yetu, wakati huo muuguzi wa zahanati ya karibu na soko. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alikwenda na ajenda mfukoni, imeandikwa kwa mkono: moja, kufungua, mbili, utambulisho, tatu, hoja ya mchumba, nne, mengineyo. Alipofika namba tatu ulimi ukamkauka. Nyanya yake mama akamnyang'anya karatasi, akaisoma mwenyewe, akasema, "Hii namba tatu tumeipitisha. Hebu tueleze haya mengineyo ni yapi, maana hapo ndipo wanaume mnapoficha mambo." Watu wakacheka mpaka chai ikapoa. Mama anayo karatasi hiyo hadi leo.

Sasa naingia kwenye aya ambayo kamati ilitaka itolewe. Baba mdogo, kwa nia njema, aliniambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Baba mdogo, tumelifunika miaka kumi na minane. Hakupita. Amekaa.

Alhamisi, tarehe 16 Februari 2006, baraza liliambiwa kwamba nguzo za lile daraja la mbao la waenda kwa miguu, lililokuwa likivuka mfereji mkubwa kati ya soko na zahanati, zimeoza. Baraza likaazimia lifungwe mara moja mpaka litengenezwe. Ilikuwa hoja ya saba, katikati ya ada ya machinjio na likizo ya mganga mkuu, na ilichukua dakika tano. Kazi ya karani ilikuwa kuandika azimio na kupeleka barua ofisi ya ujenzi. Kazi ya ofisi ya ujenzi ilikuwa kuweka kizuizi. Mbao mbili na misumari.

Daraja lilibaki wazi siku sitini na nne. Jumamosi ya tarehe 22 Aprili, adhuhuri, soko limejaa, likakatika. Watu saba walitumbukia. Sita walitolewa wazima. Wa saba alikuwa mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa akimpelekea mwanawe chakula.

Kikao kilichofuata kilikuwa Alhamisi, tarehe 18 Mei. Mkuu wa ujenzi alisimama akasema barua haikumfikia. Meya wa wakati huo akauliza, "Kwa hiyo kosa ni la nani?" Diwani mmoja akajibu, "Barua hupelekwa na nani kama si karani?" Hakuna aliyegeuka kumuuliza karani mwenyewe, na alikuwa hatua mbili kutoka hapo, kalamu mkononi. Naye asingeweza kujibu, kwa sababu kanuni za vikao zinasema karani hana sauti kikaoni mpaka aulizwe. Wajumbe ishirini na wawili wakanyoosha mikono. Na baba yangu, jamani, baba yangu akainamisha kichwa akaandika: "Baraza liliazimia kuwa daraja halikufungwa kutokana na uzembe wa karani wa vikao, ambaye hakupeleka barua." Nimeuona ukurasa huo. Hakuna neno lililofutwa, mwandiko wake ule ule wa kunyooka.

Aliporudi nyumbani jioni ile, mama alikuwa ameshasikia zahanati. Nilikuwepo, nikikunja nguo.

"Umeandika?" mama akamuuliza.

"Nimeandika."

"Umejiandika mwenyewe?"

"Kikao kimesema, mama watoto. Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa."

"Na wewe umesema nini?"

"Karani hana sauti."

Mama alimjibu maneno ambayo hayasomwi mbele ya jeneza. Mimi niliungana na mama. Nilimwona baba mwoga, na nilimwambia hivyo usoni, nikiwa na miaka ishirini na mitano na mdomo mrefu. Leo najua alikuwa na watoto wawili bado shuleni, nyumba tuliyokaa ilikuwa ya manispaa, na barua ya kutuhamisha ilihitaji sahihi moja tu. Aliuza jina lake tukabaki na paa. Nilichelewa kulijua hilo, na uchungu wake nitaubeba mimi.

Kitu kimoja tu alikifanya. Siku zote, mikono ikinyooshwa, aliandika "wajumbe wote waliafiki." Siku ile aliandika majina yote ishirini na mawili, moja chini ya jingine. Orodha ninayo. Sitaisoma, wenyewe mnajuana, na wengine mmeshafika.

Tarehe 1 Juni 2006 alihamishiwa ofisi ya makaburi, kile kibanda cha bati mlichokipita hapo langoni. Miaka saba aliandika namba za makaburi mpaka alipostaafu Machi 2013. Yule mama wa nyanya amezikwa safu ya tisa, namba 1183, na baba alilipalilia kaburi lile kila Ijumaa bila kumwambia mtu. Mwana wa marehemu yule ni fundi baiskeli hapo kona ya soko. Kila asubuhi baba alipita akamsalimia, "Habari za asubuhi, fundi." Kila asubuhi fundi aliinamia spoki zake. Siku moja alisema kwa sauti, wateja wakisikia, "Yule anayepita ndiye aliyemuua mama yangu." Baba alirudi nyumbani akavua viatu, akavipanga mlangoni, akalala na njaa. Kesho yake akapita njia ile ile, akasalimia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2019, kisha moyo. Tarehe 24 Septemba mwaka huu, 2024, alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha sita. Alhamisi ya tarehe 3 Oktoba aliniomba nisogeze kiti.

"Kwenye sanduku la chuma, chini ya makoti, kuna daftari la kupelekea barua," akasema. "Walikuwa wanachoma majalada ya zamani kule makaburini. Nililiokota."

Nikamuuliza, "Baba, miaka yote hii umekaa nalo? Kwa nini hukulitoa?"

"Nikiwa hai, ni maneno ya karani aliyefukuzwa kikaoni. Nikifa, hayo ni kumbukumbu." Kisha akasema, "Usinisifu. Wewe soma tu."

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mama amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Basi nasoma, kama nilivyoagizwa. Daftari la kupelekea barua, ukurasa wa hamsini na tatu, Ijumaa, tarehe 17 Februari 2006: "Kufunga daraja la waenda kwa miguu, haraka. Kwa mkuu wa ujenzi. Imepokelewa saa nne na dakika ishirini asubuhi." Pembeni kuna sahihi ya mpokeaji na mhuri wa ofisi yake. Siku moja tu baada ya kikao. Aliipeleka mwenyewe, kwa miguu yake, kupitia ile korido ndefu ya manispaa. Mkuu wa ujenzi wa wakati ule aliingia kwenye siasa baadaye, akafanikiwa, hongera zake. Leo ndiye Meya wetu, na ndiye aliyeleta lile shada kubwa lenye utepe ulioandikwa "Mtumishi mwadilifu." Mheshimiwa, tunashukuru kwa maua. Lakini kitabuni mmeandika mzembe na kwenye utepe mmeandika mwadilifu. Chagua moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Jumatano nililibeba daftari hili mpaka kona ya soko. Fundi baiskeli alifuta mikono, akasoma, akarudia, kidole kikifuata mstari. Kisha akaketi juu ya boksi lake la spana.

"Kumbe," akasema. Akalifunga daftari, akauliza, "Na kaburi la mama, nani analipalilia? Miaka yote nikienda nakuta safi. Nilidhani ni manispaa."

Nikamwambia. Alilia kama mtoto, barabarani, mchana kweupe. Jana alikuja hapa na sururu yake mwenyewe, akakataa msaada. Kaburi hili mnaloliona limechimbwa na yeye.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja, miwani miwili, kalamu iliyojaa wino, na mstari mmoja wa uongo aliolazimika kuuandika kwa mkono wake.

Mstari huo ndio ninaouombea. Natoa hoja kwamba katika kumbukumbu za baraza za tarehe 18 Mei 2006 maneno "uzembe wa karani wa vikao" yafutwe, na kitabu kieleze barua ilipokelewa na nani na saa ngapi. Hoja bila mwungaji mkono huanguka. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Anayeiunga mkono ni fundi baiskeli wa kona ya soko, mwana wa marehemu wa namba 1183. Amesimama pale, ana udongo mikononi.

Kumbukumbu hizi za leo, yaani wasifu huu, mnazo mikononi, zimechapwa nakala mia tatu. Kabla hazijathibitishwa, utaratibu ni kuuliza kama kuna mwenye marekebisho. Hapa nitanyamaza kwa dakika moja. Mheshimiwa Meya, tofauti na baba yangu siku ile, wewe umeulizwa, na sauti unayo.

Kama hakuna marekebisho, zimethibitishwa.

Baba, weka kalamu chini. Kikao kimefungwa. Pumzika kwa amani, na habari za asubuhi.