Jina la Bibi Sikuzani

Wasikilizaji wapendwa, mwaramutse, habari za asubuhi. Mkisikia sauti yangu inakwaruza leo, si mafua. Nimelia. Profesa Tajudini Massoudi ametutoka. Narudia kwa waliowasha redio sasa hivi: Profesa Tajudini, mtoto wa mtaa wa Buyenzi, mwanahistoria wa utumwa na ukoloni, ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja.

Miaka arobaini alitafiti jambo ambalo sisi Waswahili wa Bujumbura tunalikwepa kama shimo la barabarani. Ukituuliza, babu zetu wote walikuwa wafanyabiashara. Wote! Sasa nani alibeba pembe za ndovu? Nani aliuzwa? Nani alifua nguo za Wabelgiji? Tajudini aliuliza hayo, tena huku akitabasamu.

Lakini alianza kwa kosa. Katika makala yake ya kwanza aliandika kwamba mama wa babu yake, Bibi Sikuzani, aliletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akiwa mtumwa. Hakumuuliza mtu yeyote nyumbani. Wakati huo mpwa wake, Yasmina, alikuwa ameshachumbiwa. Upande wa mwanamume wakasikia, wakavunja uchumba. Mama yake Yasmina, Bi Zubeda, dada wa Tajudini, akamfungia mlango.

Tajudini aliomba radhi. Tangu hapo akajiwekea sharti: haandiki jina la mtumwa mpaka watu wa nyumba hiyo walitamke wenyewe. Basi alikunywa chai nyingi kwenye baraza za Buyenzi, akingoja. Akaandika vitabu vitatu. Bibi Sikuzani hayumo katika hata kimoja.

Na jambo hilo lilimuuma. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, jamaa yao husoma hitima na kuwaombea marehemu wao kwa majina. La Sikuzani halikutajwa kamwe. Tajudini aliogopa kufa kabla ya kulisikia.

Yasmina, ambaye sasa ni mwalimu na mama wa watoto wanne, ameniambia: "Mwaka jana sheikh aliuliza kama majina imeisha. Mama akasema, 'Apana. Ongeza Sikuzani. Alikuwaka mutumwa, lakini ni bibi yetu. Bila yeye, mi ningetoka wapi?' Mjomba wangu, tonton Tajudini, akalia mbele ya batu yote."

Alilisikia, wasikilizaji. Alhamdulillahi, alilisikia.

Jumapili tulisoma hitima yake mwenyewe. Majirani walikuja na majina yao, ya mabibi waliouzwa, ya mababu waliobebeshwa mizigo. Bi Zubeda aliwaambia, "Museme tu, bibi yangu naye yuko humo kwenye karatasi." Sheikh akaomba karatasi nyingine.

Bi Zubeda, Yasmina na jamaa wote, poleni sana. Mungu amlaze pema, nanyi awape subira. Na wewe uliye nyumbani, muulize mkubwa wako: ni nani tumemwacha nje ya dua? Usimlazimishe. Mimi nilimuuliza mama yangu jana. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akanitajia majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu.